Wembe kwenye Triko ya Placide

Kasongo, 9 Julai 2024

Mpendwa kaka yangu, yaya Placide,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Bukavu? Unakula, unalala, unapumua? Usicheke. Safari hii nakuuliza kwa dhati, si kwa desturi, maana juzi tulikulilia hapa nyumbani kama mtu aliyekufa.

Sisi ni wazima, ila Mama sauti imemkauka, nami naandika kwa haraka. Univumilie mwandiko.

Ilianza hivi. Jirani yetu Iliasi aliniambia anapanda huko Bukavu kwa biashara yake, nikaona nikutumie triko yako ya buluu, ile sweta ya sufu, maana baridi ya Bukavu tunaisikia sifa zake. Nikatoa nguo zako zote sandukuni, nikazitandaza mkekani nyuma ya nyumba zipate jua. Lo, ile triko ilikuwa imeota vidonge vya sufu kwapani na mikononi kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nikauvalisha mkono mmoja sahani kwa ndani ili ukazike, nikachukua wembe mpya na kuanza kuvinyoa polepole, wembe nimeulaza usije ukatoboa.

Mama akarudi kutoka shambani, akamkuta shemeji Naomie uani anatwanga sombe, majani ya muhogo, akaniulizia. Naomie, bila kuinua macho, akamjibu: "Iko nyuma ya nyumba, iko ananyolea Placide."

Yaya, unajua kwetu watu hunyoa vichwa lini: wakifiwa. Na nguo za mtu hutandazwa mkekani lini, unajua pia. Mama akazunguka nyumba, akaona mkeka, nguo zako, na wembe mkononi mwangu. Kikapu cha mihogo kilianguka, naye akaanguka juu yake, anaita jina lako.

Mimi nami, mjinga mkubwa, nikadhani amepata habari njiani. Nikatupa wembe, nikapiga yowe kumshinda. Naomie alipotusikia sote wawili akaacha mchi, akashika kichwa. Majirani wakajaa. Aziza alifunga duka lake, akaja na sukari ya msibani, machozi yanamtoka.

Baba mudogo Gédéon peke yake ndiye aliyeuliza, kwa ule upole wake: "Sasa hii habari, nani alileta?"

Mama akaninyooshea kidole. Mimi nikamnyooshea Mama.

Watu walicheka, Aziza akacheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Alitaka simu. Tukapiga, tukapiga tena. Ile sauti ya mwanamke ikatuambia hupatikani, kama inavyotuambia tangu Pasaka.

Hapo ndipo niliposhtuka kweli, na mpaka leo sijatulia. Ua lilijaa watu wanaokupenda, na hakuna hata mmoja aliyeuliza umekufa na nini. Kila mtu alikuwa tayari kulia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wa kimya chako umetuangukia sisi. Nina hasira nawe, yaya.

Baba mudogo, Naomie na Aziza wanakusalimu, kila mmoja akikuita jina lako kama mtu aliye hai. Mungu aliyekuacha na pumzi akupe na miguu ya kurudi.

Iliasi anakuletea barua hii tu. Triko imebaki. Mkono mmoja umelainika kama mpya. Wa pili bado una vidonge vyake vyote, maana Mama amekataza wembe kuugusa mpaka wewe mwenyewe uwe ndani yake.

Mdogo wako akupendaye, aliyekulilia mara moja na hataki mara ya pili,

Marcelline