Mikono ya Sweta Miguuni Mwangu

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Jua limepunguza ukali na upepo wa ziwa umeanza kuingia kupitia dirisha la jikoni. Ngozi ya pua yangu inabanduka. Mapaja yananiuma, lakini ni maumivu ninayoyapenda.

Leo nina furaha. Ila ni lazima niandike pia sehemu ambayo si nzuri, kwa sababu bila hiyo furaha yenyewe haitaeleweka.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote darasani.

Napenda vipindi vya mazoezi vya televisheni ya Urusi ya zamani.

Vile vya miaka ya themanini, nchi yao ikiwa bado inaitwa Muungano wa Kisovieti. Nilivipata muhula wa kwanza nikitafuta video ya somo la Historia kuhusu Vita Baridi. Nikabonyeza picha moja ya pembeni, na pale wakatokea wanawake saba wamesimama katika studio yenye nguzo nyeupe za bandia. Walikuwa wamevaa nguo za kubana mwili mzima, na miguuni soksi za sufu zisizo na nyayo, kuanzia kwenye vifundo hadi karibu na magoti. Muziki wa kinanda cha umeme. Picha inatetemeka. Mwanamke asiyeonekana anatoa maagizo polepole, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia uwanjani kwetu.

Vita Baridi nikaisahau kabisa.

Kinachonivutia zaidi ni nyuso zao. Hawamchekei mtu. Wako makini, wanaonekana kama watahiniwa waliojiandaa vizuri. Hakuna anayekuahidi tumbo jembamba kwa siku kumi. Kuna mmoja mwenye nywele fupi ambaye huchelewa kidogo kila mara. Wenzake wameshashusha mkono, wake bado uko juu. Wala hakemewi. Ninamtazama huyo kuliko wote. Kipindi kingine kimepigwa kando ya chemchemi ya maji, na kuna mwanamume mwenye masharubu na kaptura fupi mno anayeruka kwa heshima zote. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Kisha nikasimama nikaruka naye.

Nimejifunza herufi zao kwenye kurasa za nyuma za daftari la Kemia. Najua kuhesabu: raz, dva, tri, chetiri.

Shuleni, kipindi cha michezo, mimi ndiye ninayeshika sweta za wenzangu wakicheza. Siitwi kujiunga na timu na sijiiti. Lakini mbele ya wanawake wale wa studio siogopi. Hawanioni.

Likizo ilipoanza nikachukua sweta yangu ya kidato cha kwanza, ile iliyonibana, nikakata mikono yake na kuivaa miguuni. Kwa joto hili la Kisumu huo ni wazimu, najua. Ni ya kijani yenye mistari miwili myeupe. Inawasha. Naipenda.

Sasa nifike kwenye omena.

Mama ni mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwa letu, pale ufuoni Dunga. Hununua alfajiri mashua zikirudi, kisha huwaanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, jua liwakaushe hadi alasiri. Lazima mtu awepo wa kuwageuza kwa ufagio na kufukuza nyange na kunguru. Likizo hii mtu huyo ni mimi. Wengine hukaa chini ya mwavuli na fimbo ndefu. Mimi nilikuwa naweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue, halafu nafanya mazoezi mwisho kabisa wa nyavu, nyuma ya mashua iliyopinduliwa, mahali ambapo watu hawapiti.

Sikuwa nimepanga chochote kuhusu ndege. Lakini mtu anayerusha mikono kwa saa nzima, nyange hamkaribii.

Aliyeligundua hilo ni Mama Rispa. Wavu wake uko jirani na wetu. Ni mjane, na huvaa gambuti za marehemu mumewe hata siku za jua. Aliona matokeo bila kuona sababu.

"Awino, wewe ndege wanakuogopea nini?"

"Sijui, Mama."

"Hujui! Mimi wangu wanakula, wakishiba wananiaga."

Ndipo ikaja jana, Ijumaa. Mmoja wa wanawake wa kikundi cha wachuuzi cha Mama alikuwa anamzika baba yake kijijini Katito, na wenzake wote sita walikuwa wamekodi gari kwenda. Omena walikuwa wameshaanikwa. Wengine walitaka abaki mtu mzima mmoja, lakini Mama Rispa akakata maneno: "Tumwachie Awino. Huyu ndege wanamjua." Mama alinitazama kwa fahari ambayo huwa naiona siku za matokeo tu.

Nyavu sita, na mimi.

Mpaka saa sita mambo yalikuwa mazuri. Nilikuwa nimemaliza vipindi viwili na kuwageuza omena wote. Halafu nikasikia pikipiki. Alikuwa Felix na kaka yake, wamekuja kuiosha majini.

Felix yuko darasani kwetu. Kipaji chake ni kuigiza watu. Amemwigiza naibu wa mwalimu mkuu, amemwigiza mpishi, na akikuigiza mara moja, darasa zima hukuigiza wiki mbili. Nilizima simu, nikakaa juu ya ndoo, nikajizungushia leso kuanzia kiunoni hadi kwenye viatu. Nikafungua kitabu.

"Awino! Hata likizo unasoma?"

"Eeh."

"Kwani kuna mtihani wa omena?"

Kaka yake akacheka. Mimi nikatabasamu na kugeuza ukurasa ambao sikuwa nimeusoma.

Ndipo nyange wa kwanza akatua. Alitua kwenye wavu wa Mama Rispa, ulio upande wa pili wa wetu, hatua kama arobaini kutoka nilipokaa. Nilitakiwa kusimama na kukimbia. Lakini huwezi kukimbia umefungwa leso mpaka viatuni, na nikiifungua, Felix ataona mikono ya sweta ya shule yetu imevaliwa miguuni.

Nikarusha kokoto nikiwa nimekaa. Haikufika. Wakaja wengine wawili.

"Awino, ndege wanakula," Felix akasema.

"Nimeona."

"Si uende?"

"Naenda."

Sikwenda.

Felix mwenyewe aliwarushia sponji iliyojaa povu, ikaanguka karibu na miguu yake. Kaka yake akamwita amalizie magurudumu. Walikaa nusu saa hivi. Nusu saa nzima nilikaa juu ya ndoo nikitazama kundi la nyange likiongezeka, na kunguru nao wakaja. Pikipiki ilipoondoka ndipo nikakimbia. Upande mmoja wa wavu ulikuwa mtupu. Upande wa pili omena walikuwa wamechafuliwa na vinyesi, hawafai tena kwa mtu kula.

Nyavu nyingine tano hazikuguswa. Labda hilo ndilo lililonipa ujasiri wa kudanganya.

Wanawake waliporudi saa tisa nilisema, "Ndege walikuwa wengi."

Mama Rispa aliutazama wavu wake. Akavua kitambaa cha kichwa alichoendea mazishini, akakikunja. "Ndege ni ndege, nyathina," akaniambia. Nyathina ni mwanangu, kwa Kijaluo. "Ulikuwa peke yako na nyavu sita." Kisha akakusanya wale waliochafuka ili wakawe chakula cha kuku. Kabla ya kuondoka akanishukuru.

Akanishukuru.

Nimesoma vitabu vingi vyenye watu waongo, na siku zote nilidhani ningewatambua kwa sura. Jana nilikwenda nyumbani na sura yangu ileile, nikaosha vyombo.

Leo asubuhi nilifika Dunga kabla ya Mama. Mama Rispa alikuwa anatandaza wavu. Niliitoa ile mikono ya sweta kwenye mfuko nikaiweka mbele yake, halafu nikasema yote, haraka, nikitazama gambuti zake.

Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Kwa hiyo ulikaa."

"Nilikaa."

"Ukawaangalia wakila."

"Niliwaangalia."

"Na ulisema walikuwa wengi."

"Mwanzoni walikuwa watatu."

Hapo akasimama wima. Niliona amekasirika kweli, na nikaona vizuri kwamba ana haki. Kisha akainama, akaokota mkono mmoja wa sweta, akaupenyeza mkononi mwake, akaunyoosha mbele ya macho.

"Yawa! Hii si sweta ya shule?"

"Ndiyo."

"Mama yako anajua umeikata?"

"Hapana."

"Hiyo utamwambia mwenyewe, mimi simo." Akanirudishia. "Vaa. Leo utalinda wavu wangu. Na si kule nyuma ya mashua. Hapa katikati, ndege wakuone, na watu wakuone."

Nilingoja acheke. Hakucheka.

Jumamosi Dunga hujaa. Kuna wanaokuja kula samaki, kuna wanaopiga picha, kuna wavuvi wanaoziba nyavu. Nilivaa ile mikono ya sweta. Nikaweka simu ndani ya sufuria. Kinanda cha umeme kikaanza, na mimi nikaanza, raz, dva, nikitazama chini.

Mvuvi mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Rispa, huyu mtoto amepatwa na nini?"

"Yuko kazini. Wewe umekaa hapo unafanya nini?"

Walicheka sana. Mwingine akapiga kelele niongeze sauti, mwingine akauliza hilo ni jeshi gani linajiandaa. Nilihisi masikio yanachemka. Nikaendelea, kwa sababu nyange wawili walikuwa wanazunguka juu. Na nilipofika kwenye zoezi la magoti nikagundua kwamba kicheko kimeisha. Walikuwa wamerudi kwenye nyavu zao. Kitu nilichokiogopa tangu darasa la tano kilidumu wimbo mmoja na nusu.

Kisha Felix akatokea, amekuja kuchukua ndoo waliyoisahau jana. Sikumwona mara moja. Nilisikia wavuvi wakicheka upya, nikaona kivuli kingine kando ya changu kikirusha mikono. Nikageuka. Alikuwa ananiigiza, na alikuwa anakosea.

"Si hivyo," nikasema. "Mkono wa kushoto ndio unatangulia. Halafu goti."

Sijui nani alishangaa zaidi, yeye au mimi. Ilikuwa sauti ya mtu anayefundisha.

"Kwani hii kitu ina sheria?"

"Ina sheria. Anza tena."

Akaanza tena. Mara ya tatu alikuwa ameshika ubavu na jasho linamtoka. "Hii ni ngumu, yawa. Ni kina nani hao?"

"Warusi. Wa zamani."

Akainama juu ya sufuria, akatazama kioo cha simu. "Bado wako hai?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilimwambia sijui. Lakini nimelifikiria swali hilo mchana kutwa. Wale wanawake saba sasa wangekuwa na umri wa kuitwa nyanya. Pengine mmoja yuko jikoni kwake, magoti yanamsumbua, na hajui kwamba leo aliwafukuza ndege Dunga.

Mama nimemwambia habari ya sweta. Amesema nitaishona tena likizo ikiisha, na mishono iwe imara, maana mwakani ilikuwa iwe ya mdogo wangu. Habari ya uongo wa jana aliisikiliza akiwa amenipa mgongo, kisha akasema tu, "Ulifanya vizuri kwenda kwake kabla yangu."

Sijui kama Mama Rispa amenisamehe. Hakusema, na mimi sikuuliza. Alasiri alijaza omena wake kwenye gunia, wakavu, hakuna aliyeliwa, akanipa kamba nifunge mdomo wa gunia. Alivuta fundo langu kulijaribu. Kisha akasema Jumatatu anavuka ziwa kwa feri ya Luanda Kotieno kumwona dada yake, na wavu wake ataniachia.

Hakuniuliza kama nitaweza.

Nitasimama katikati.