Mikorosho Aliyouza Baba Siku ya Kukimbia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wamepiga simu kutoka kijijini. Mikorosho ya Baba imetoa maua, na vibarua wa Nurdin wameshaingia kupalilia. Msimu wa tano huu anavuna yeye. Imebaki mitano.

Baba amesikia yote. Amekaa kitandani kwangu hapa mjini, Mchikichini, anaangalia ukuta. Chakula hakugusa.

Misimu kumi ya korosho kwa nafasi tatu kwenye lori. Ndio mkataba wenyewe. Siku ile wenye silaha walivuka Ruvuma wakawa wanachoma nyumba, na gari lililobaki ni la Nurdin tu, mnunuzi wa korosho, ofisi yake iko Mchafukoge. Baba akakubali. Wakapanda yeye, marehemu Mama na mwanangu Stella, akiwa mdogo kabisa. Mimi nilikuwa huku, nauza viatu vya mtumba.

Jumatano, 6 Agosti

Upanga, kwa wakili Lujain. Kausoma mkataba mara mbili.

"Dada, vita peke yake haivunji mkataba," akasema. "Ila kama huyu bwana aliitumia ile hofu kumlazimisha mzee, mzee anaweza kuomba utenguliwe."

Na shahidi? Mama hayupo. Stella hakumbuki. Amebaki Baba.

Jumapili, 10 Agosti

Baba hataki. "Niende nikaseme nililazimishwa, na mwanao huyu hapa mzima?"

Nikapandisha sauti. Nikamwambia bila ile mikorosho hatuna pa kurudi, tutazeeka kwenye chumba cha kupanga. Akasema anajua. Stella akatoka nje.

Namchukia Nurdin. Kisha nikimwangalia mtoto naona aibu kumchukia. Sijui nifanye nini tena — sijui.

Alhamisi, 14 Agosti

Baba kakubali kuja, bila kusema atasema nini. Nurdin naye kaja kwa wakili, tuzungumze kabla ya mahakama. Akamwamkia Baba shikamoo. Baba akaitika, akamuuliza hali ya watoto! Nikakata tamaa palepale.

"Mzee, alikulazimisha?" wakili akauliza.

"Hapana. Hakunigusa."

Nurdin akashusha pumzi.

Baba akaendelea, taratibu, na haya sikuwahi kuyasikia. Walikuwa wameshapanda wote. Risasi zinasikika kwa jirani. Nurdin akazima gari. Akatoa karatasi, akasema yeye hana haraka.

Nurdin anaangalia meza. Hakukana.

"Nilipoweka dole gumba akawasha gari," Baba akasema. "Akatufikisha salama. Na hilo liandikwe."

Wakili akamwambia yote mawili ameyaandika. Sasa anataka neno moja: mkataba utenguliwe au ubaki?

Baba akaomba maji. Mimi nimetoka, nimekaa kwenye benchi la koridoni, naandika. Mlango uko wazi, namwona. Maji ameyamaliza. Anamtazama Nurdin, Nurdin hamtazami. Bado hajajibu —