Udongo wa Shemeji Mgaya

Jumatatu, 3 Novemba
Nimelima tangu alfajiri. Saa nne akaja bibi shamba wa kata na pikipiki, kabeba fremu A ya kupimia usawa wa ardhi: miti mitatu, kamba, jiwe. Jiwe likitulia katikati, miguu miwili iko usawa mmoja. Unapiga kigingi, unasogea. Hadi mchana mistari miwili imekatiza shamba zima, imejipinda kama nyoka. Kumbe ardhi yangu mwenyewe sikuijua!

Jumatano, 5 Novemba
Nachimba mtaro wa kuzuia maji, nafuata vigingi. Udongo natupa upande wa juu, unakuwa tuta. Shemeji Mgaya, kaka wa marehemu mume wangu, shamba lake liko juu ya langu. Kasimama mpakani, kanisalimu. “Kamwene, shemeji. Kaburi refu hivyo la nani?”
Bibi shamba alimwomba aanze yeye, kwa kuwa maji yanaanzia kwake. Kakataa. Ati serikali ikishapima, inachukua. Basi maji yake yote yatanijia mimi. Mtaro unaweza kupasuka. Naogopa. Nachimba.

Jumamosi, 8 Novemba
Mtaro wa pili tayari. Nimepanda majani ya guatemala juu ya matuta, mizizi ishike udongo. Malengelenge viganja vyote. Mawingu yamejaa upande wa Makambako. Usingizi hauji kwa furaha.

Jumanne, 11 Novemba
Mvua! Saa tisa alasiri. Nimekimbia shambani bila viatu. Maji yakashuka kutoka kwa shemeji kwa kishindo, mtaro wa kwanza ukajaa, ukaanza kumwaga pembeni. Nikarundika udongo kwa sepeto, napiga kelele peke yangu. Ukashika. Wa pili ukashika! Nimecheza kwenye tope, mtu mzima mwenye wajukuu.

Jumatano, 12 Novemba
Makubwa. Shemeji kaja na toroli. Mtaro wangu umejaa udongo wake, mweusi, pamoja na samadi aliyomwaga juzi. Anaudai.
“Udongo huu wangu, shemeji.”
“Chukua.”
Kapandisha toroli tatu. Ya nne kaiacha njiani, kakaa chini, anahema. Nilitaka kucheka. Nikatazama shamba lake: makorongo, mawe nje kama mbavu. Kicheko kikaisha.
Kauliza bila kunitazama, “Kile kijiti chenye jiwe, bibi shamba kaondoka nacho?”
“Kipo kwangu.”
“Na yeye akija, hachukui shamba?”
“Langu hili hapa.”
Nimempigia simu bibi shamba papo hapo. Anakuja Ijumaa.

Ijumaa, 14 Novemba
Ukungu, baridi. Bibi shamba kashika mguu mmoja wa fremu, shemeji mwingine. Mimi nasoma jiwe. Saa sita vigingi vikafika mwisho wa shamba lake. Bibi shamba kaenda kijiji kingine. Shemeji kavua koti, kachimba hatua chache, kisha kasogea kando, kaniachia nafasi. Nikaingia na jembe langu.