Farasi Mia Mbili wa Karatasi

Kaka yangu uliye ng'ambo,

Ujumbe wako umefika. Unasema Desemba unarudi, na kwamba pikapu ya mama "bado iko na kitu", utaiongeza nguvu kidogo. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Wakumbuka siku ile kwenye gereji karibu na Adams Arcade? Uliifunga pikapu kwa mikanda juu ya mapipa ya chuma ya mashine ya kupimia nguvu za injini, feni kubwa ikivuma mbele yake, nawe umevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Wiki nzima ulikuwa umeichezea injini kwa kompyuta, na marafiki ulishawatangazia nguvu za farasi mia mbili. Mashine ikasema mia moja sitini na nane. Maskini, haikujua inaongea na nani.

Fundi mwenye mashine akakuonya: "Boss, hiyo moshi ni mob, imezidi. Injini inachemka sana, punguza diesel." Ulimtazama kana kwamba amekuomba nauli. Kisha ukafanya ujinga ambao wewe tu ungeuita ufundi. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, kwa hiyo mashine ina mahali pa kuongezea hesabu kidogo kwa injini zinazovuta hewa zenyewe. Yetu ina turbo ya kuisukumia hewa, haikustahili nyongeza yote hiyo. Wewe ukaijaza yote. Hukugusa hata nati moja, lakini namba ikapanda hadi mia mbili na tatu.

"Siz, umecheki? Mia mbili! Piga picha!"

Nikapiga. Hilo ni kosa langu, sijalisahau.

Ulipompelekea mama karatasi ya vipimo iliyotoka kwenye mashine, hakuuliza habari za farasi. Aliuliza, "Itapanda mlima wa Mai Mahiu na magunia yangu?" Ukamjibu, "Mathe, hii sasa hata malori zitaipea njia." Alikuamini, kifungua mimba wake, akaongeza magunia. Pistoni ziliyeyuka kabla hajafika nusu ya mlima. Alikaa kando ya barabara na viazi vya wateja wake kutoka asubuhi hadi alasiri nilipomfikia. Na alipokupigia simu, ulimwambia amekanyaga mafuta vibaya. Mwezi uliofuata ukapanda ndege.

Ukamlaumu mama! Debe tupu haliachi kuvuma, lakini hata debe lina haya kuliko wewe. Nilikuwa nikikusifu kwa watu, kaka, ndiyo maana kukudharau hivi kunaniuma hata mimi.

Spea nilizisaka River Road kwa miguu, na injini niliifungua mwenyewe, fundi yule yule akinielekeza. Juzi tuliipima tena, bila uongo. Mia moja arobaini na tisa. Moshi hakuna, na nguvu ya kuvuta inakuja mapema, injini ikiwa bado inazunguka polepole, pale mzigo unapoihitaji. Mama alisimama pembeni ameziba masikio. Fundi alipomletea karatasi, alisema haina haja, yeye atasikilizia mlimani. Jana alipanda na magunia yake yote, akafika sokoni mapema.

Jioni nikamsomea ujumbe wako.

"Mwambie akuje, hapa ni kwao," akasema. "Lakini kutoka stage ya matatu pale Waithaka, atembee."

Basi njoo salama, na viatu imara.

Dada yako mdogo, mwenye funguo za pikapu