Mkaa wa Magunzi

Chunya, kwa njia ya Mbeya
14 Agosti 1955

Dada yangu mpenzi Marta,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Joachim na binti yenu Matilda, ambaye sasa nadhani anatembea na kuvunja vyombo. Je, baridi ya Ipogolo inawatesa? Kifua chako kimepona? Mimi mwili wangu hauna neno. Mdomo ndio uliokuwa ukiniuma, kwa kukosa mtu wa kuzungumza naye.

Uliniuliza kwa nini bado niko huku machimboni wakati watu wote wameondoka. Ni kweli, mgodi ulifungwa mwaka juzi. Bwana mwenye kinu cha kusagia mawe alihamia Mbeya mjini, wafanyakazi wakarudi makwao, nyumba zikabaki milango wazi. Tulibaki wawili tu, mimi na baba mkwe. Yeye aliachiwa kazi ya kutoa dhahabu iliyobaki katika maji machafu, nusu ya bwana, nusu yake. Na mume wangu Asukile, kama ujuavyo, alikwenda machimbo ya Afrika Kusini, akaniagiza nimpikie baba yake mpaka atakaporudi.

Usicheke ukisikia dhahabu ndani ya maji machafu. Mimi nilikwishacheka kwa niaba yako. Maji yale yalipita kwenye mawe yaliyosagwa, yakiwa yametiwa dawa kali, na dhahabu ikayeyuka humo isionekane kwa macho. Baba mkwe huinasa kwa mkaa wa magunzi ya mahindi. Mimi nachoma magunzi shimoni, naponda mkaa, naujaza katika magunia madogo. Yeye huyapanga mferejini, maji yakapita polepole, dhahabu ikang'ang'ania mkaa. Kisha anauchoma mkaa ule uwe majivu, anayayeyusha majivu kwa moto mkali, na chini ya chungu inabaki punje ndogo kama ulezi. Punje hizo alikuwa akiziweka kwa ajili ya nyumba ya Asukile. Kila gunia nililofunga, dada, nilisema moyoni kwamba hilo ni bati moja.

Umekaa sana kwa Wahehe, lakini hujasahau kwamba kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, wala hataji jina lake. Hata sisi tuliobatizwa tunaogopa. Wanasema avunjaye mwiko huo hazai, na mimi bado sijazaa. Kwa hiyo yeye alifanya kazi mferejini asubuhi, mimi jioni. Chakula nilikiweka juu ya jiwe nikajificha. Tukiwa na neno, tulimwambia mbwa wetu, Simba. Baba mkwe alisimama nyuma ya ua akimweleza Simba kwa sauti kubwa kwamba mkaa wa jana haukuiva, na tena mwenye jiko amezidisha chumvi. Nami nilimjibu Simba kwamba mwenye ulimi mwepesi na ajipikie. Nilimsikia mzee akicheka kule nyuma. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya mwaka mzima, na niliyapenda.

Mwezi wa Juni Simba alikunywa maji ya bwawani, yale yenye dawa kali, akafa. Nilimlia kuliko nilivyomlia shangazi yetu, Mungu anisamehe. Nilijaribu kusema na kuku, nikajiona punguani. Tukanyamaza. Nilisikia kikohozi chake, naye labda alisikia nyimbo zangu za kanisani, basi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa karibu na mtu hivi na bado akaona upweke kama wa kaburini.

Wiki iliyopita nilifika mferejini jioni nikakuta magunia ni yaleyale ya jana, maji yamefurika pembeni. Juu ya jiwe ugali wa asubuhi ulikuwa umejaa siafu. Nikaenda hadi mlangoni kwake nikasimama. Niliita watu, nikijua hakuna watu. Nikasikia anaguna kama mtoto. Nilimfikiria yule mtoto ambaye sijamzaa, nikamwomba radhi, nikaingia.

Ndiyo, dada, niliingia. Nilimwona uso. Alijifunika blanketi kwa aibu, akitetemeka kwa homa, nami nikalivuta. Nilimwosha, nikamnywesha uji kwa mkono wangu. Alilia, nikalia.

Alipopata nafuu aliniomba niketi. Akanieleza kwamba mwaka jana mtu mmoja aliyerudi kutoka Afrika Kusini alimletea habari za Asukile. Ameoa huko, ana watoto, na amesema harudi. Mzee alitaka nijue, lakini aliona neno kama hilo halitumwi kwa mbwa. Nikamwuliza kwa nini basi aliendelea kupanga magunia, na nyumba ni ya nani. Akasema dhahabu aliacha kuifikiria zamani. Kila asubuhi akikuta magunia yamejazwa, alijua sijaondoka.

Nilimkasirikia sana. Nilitoka nje nikapiga kelele mpaka koo likakauka. Kisha nikapika, nikala naye chumba kimoja.

Mama akisikia atasema nimelaaniwa, na ndugu wa Asukile watasema mabaya zaidi. Ninakuambia wewe kwanza. Nataka kuja Ipogolo lori la mwisho wa mwezi likipita. Lakini usiniandalie mahali pa mtu mmoja. Ninakuja na baba mkwe. Ukiona ni vigumu, niandikie wazi, sitakununia. Tutatafuta kwingine, mimi na yeye.

Mbusu Matilda, na shemeji mwambie namsalimu kwa heshima. Bwana awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Tusajigwe