Mgonjwa wa Chumba cha Kusini

Rantepao, Mei

Kwako dada yangu mpenzi Alfrida,

Pokea salamu nyingi kutoka huku milimani, zangu na za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la Balikpapan halijawaonea sana. Sisi hatujambo. Mpunga umevunwa, mvua zimepungua, na mgongo wa Mama mkwe umetulia tangu aanze kujichua kwa mafuta ya tangawizi.

Uliniuliza kwa simu hali ya mume wangu Marthen nikakujibu kwa mkato. Anaumwa bado. Wewe ulilelewa mbali kwa shangazi, kwa hiyo usinicheke nikiandika hivyo. Pumzi ilimkatika Februari, daktari akathibitisha, akapigwa sindano za dawa asiharibike, tukamrudisha nyumbani. Yuko chumba cha kusini, amelazwa amevikwa saruni yake nzuri. Mpaka siku ya karamu ya mazishi, nyati wa kwanza atakapochinjwa uwanjani, hapa hakuna atakayemwita marehemu. Ni mgonjwa. Mama mkwe humpelekea kahawa asubuhi na wali mchana, na kila anayepita mbele yake humwomba radhi. Mimi naamka, nafagia, napika, nalala. Watu wananisifu eti nina moyo wa chuma. Sina, Dada. Sihisi kitu. Chozi sijatoa hata moja, na nashukuru kwamba mke wa mgonjwa hadaiwi kilio.

Sasa sikia yaliyotokea Jumapili. Yusak, mdogo wake Marthen, amerudi kutoka Papua akiwa Msabato. Hanywi kahawa, hagusi nguruwe, na watoto wa jirani wameshampachika jina, wanamwita Bwana Mboga. Alisema kaka yake azikwe mwezi huu huu, tusingoje mpaka mwakani, na kwamba hatatoa hata mguu wa nyati kwa karamu ya kumdanganya maiti. Mtu akifa amelala, alisema, hajui lolote, hasikii wala hanywi, mpaka parapanda ilie. Roho si mpangaji anayehama nyumba ikibomoka. Mtu mwenyewe, mwili na pumzi pamoja, ndiye nafsi, akizimika amezimika, na Bwana ndiye atakayemwasha siku ya mwisho. Mama mkwe alikuwa akitafuna tambuu. Akamuuliza, kama kaka yako amelala, wewe mbona unapiga makelele?

Watu wakacheka, hata Mchungaji Sampe aliyekuja kula kwetu baada ya ibada. Naye hakukubali kupitwa. Alisema Yusak amepotoka, maana yule mhalifu wa msalabani hakuahidiwa usingizi, aliahidiwa kuwa peponi siku ile ile. Roho ya Marthen iliondoka pale pale hospitalini na sasa iko mbele za Bwana, na kilichobaki chumbani ni mwili tu. Mazishi yakingoja yeye hana neno, ila hicho kikombe cha asubuhi kiitwe ukumbusho, kisiitwe kifungua kinywa. Yusak akamrukia. Kama wema wameshafika peponi, huo ufufuo ni wa kazi gani? Watolewe rahani warudishwe makaburini kufuata mifupa? Mchungaji akasema mwili na roho lazima viungane. Yusak akasema, lete andiko. Basi Biblia zikafunguliwa, sahani zikasukumwa pembeni, na nyama niliyohangaika kuipika ndani ya mianzi tangu alfajiri ikapoa.

Mama mkwe aliwaambia hayo ni mabishano ya watu walioshiba. Kama mwanawe yuko kwa Bwana, mbona Mchungaji alipokwenda kunawa aliinama pale mlangoni akasema, samahani Marthen, napita? Mchungaji akashika kidevu. Yusak akaangua kicheko, na Mama hakumwacha. Nawe nyamaza, akamwambia, jana ulipoingia kuchukua koti nilikusikia ukisema, kaka, ni mimi Yusak, usishtuke. Zamani ningecheka mpaka nishike mbavu. Siku hiyo niliwasikia kama redio ya jirani.

Ndipo wakanigeukia. Ni mume wangu, na kwa kuwa wenyewe hawaelewani, wakasema siku ya mazishi niiamue mimi. Yusak akaniambia, haya shemeji, sema wewe, kaka yuko wapi? Azikwe sasa au angoje? Nilisema nitafikiri, nikaanza kuondoa vyombo.

Dada, nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Marthen, mzee wa kanisa, aliyewafundisha katekisimu nusu ya watoto wa mtaa huu, siku chache kabla hajakata roho alinishika mkono akasema haamini tena. Alisema ametazama mbele haoni mtu. Hakuna Bwana, hakuna usingizi, hakuna chochote, ni giza tu, na anaogopa. Akanisihi nisimwambie mama yake, itamuua. Nikamwambia sawa. Kwa hiyo wale wote walipokuwa wakigombania alipo, mimi nilikuwa na jibu lake yeye mwenyewe, na ndilo lililonikausha. Nikisema azikwe, nimekubali kwamba kweli amekwisha. Nikisema angoje, tunangoja nini? Nimekaa naye mchana mara nyingi nikamuuliza, haya Marthen, ulisema kweli? Nataka awe amekosea. Hicho tu ndicho ninachokitaka duniani, na sina wa kumuuliza.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Mama mkwe jikoni anamimina kahawa ya Marthen. Sijui nini kilinipanda, nikamwambia aache. Nikamwambia yote, neno kwa neno, hata lile la giza. Nilidhani atapiga yowe, au atanizaba kofi. Alimimina mpaka kikombe kikajaa, akatia sukari, akakoroga. Halafu akasema anajua. Marthen alimwambia yeye kwanza, akamwomba asiniambie mimi, eti itaniua.

Akasema ya Mchungaji na ya Yusak yeye hayajui, hakusoma. Anachojua ni kwamba mtoto huyu tangu mdogo alikuwa mwoga wa giza, na akiita, yeye alikwenda kuketi kitandani mpaka apitiwe na usingizi, hata kama ni mpaka jogoo awike. Akaniuliza, sasa ameniambia mwenyewe kwamba huko ni giza, nawe unataka nimwache aende peke yake mwezi huu huu?

Nilikipokea kikombe nikakipeleka mwenyewe. Nimewaambia Yusak na Mchungaji kwamba tunangoja mpaka mwakani. Yusak amenuna, ila hajafunga mizigo. Mimi bado sijalia, Dada, usije ukadhani nimepona.

Nisalimie shemeji na watoto wote kwa majina yao, na shangazi ukimwona unibusie mikono yake. Mchungaji anawaombea. Mama mkwe anasema ukipata nafasi ya kuja, umletee Marthen sigara za karafuu, maana za hapa hakuzipenda. Nimemwahidi nitakuandikia.

Ni mimi mdogo wako,
Ribka