Walikunywa Bila Kuniuliza

Jumatatu, 5 Mei

Mabanda yote nimefagia, la yule farasi Jemadari nimeliacha mwisho. Ndiyo tabia yangu, ninachokiogopa nakisogeza mbele. Nikaingia na brashi, akanisukuma kwa bega. Hakuuma wala hakupiga teke. Alisogea tu, nami nikasogea, akasogea tena, mpaka mgongo wangu ukagusa ukuta. Nikatoka mbio. Brashi imebaki humo humo.

Bi Rukia mwenye farasi alikuwa mlangoni, akaona yote. Hakunicheka. Anasema Jemadari alipigwa sana huko bara alikotoka, na tangu hapo huwahi kusukuma kabla hajasukumwa. Nisimpige, nisimpigie kelele. Nisimame imara, nishushe pumzi, niinue mkono, niseme "Nyuma" mara moja. Ukisema mara kumi, anajua tisa hazina maana.

Mshauri wa zahanati ndiye aliyenileta kwenye mabanda haya ya Shanzu mwaka jana, mkono ungali kwenye plasta. Wanawake tuliopigwa na waume zetu, Bi Rukia hutupa farasi tuwatunze mpaka tuache kutetemeka. Wenzangu walipona wakaenda zao. Mimi nikabaki, nikapewa kazi.

Jioni mwanangu Riziki kaniambia baba yake alikuja langoni pa shule. Kamnunulia viazi karai. Nikakaa chini pale pale kwenye baraza.

Alhamisi, 8 Mei

Eti Kazungu, baba yake Riziki, ameokoka. Anatoka Changamwe mpaka kanisani kwa mama hapa Frere Town tunakoishi, Biblia kwapani, anaimba kuliko kwaya yenyewe. Mama anasema watu hubadilika.

Nyoo! Mimi ndiye niliyeishi naye. Kazungu akifoka hana neno, atafoka atachoka. Akinyamaza, akawa mpole, akaanza kukusaidia kuosha vyombo, hapo ndipo utafute mlango uko wapi. Siku aliyonivunja mkono alikuwa amenipikia wali wa nazi.

Sasa ni mpole wiki ya tatu.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua tangu alfajiri. Watalii hakuna, farasi wote wamo ndani, wamechoshwa.

Leo nimemtazama Jemadari masikio tu. Yakielekea mbele, anauliza. Yakilala nyuma, ameshaamua. Kati ya hapo kuna kitambo kidogo, na hicho kitambo ndicho chako. Nikaingia. Yakaanza kulala. Nikainua mkono, nikasema "Nyuma", sauti ya chini. Akanitazama. Akarudi hatua moja.

Nikalia. Mtu mzima, nimekumbatia ndoo ya pumba, nalia. Bi Rukia akajifanya hanioni.

Jumamosi, 17 Mei

Nimerudi nyumbani kutoka kazini nikakuta viatu vya wanaume mlangoni. Wazee wa kina Kazungu, wakiongozwa na baba yake mkubwa, Mzee Kahindi. Wameleta kibuyu cha tembo la mnazi, ndiyo kadzama, kuniomba nirudi. Kazungu mlokole mzima, lakini mnazi ametuma.

Kwetu mnazi huo haunywewi hivi hivi. Mwanamke huitwa, huulizwa mbele ya wazee: tuunywe? Akisema ndiyo, ndipo unanyweka. Akisema hapana, kibuyu kinarudi kilikotoka. Hata mke aliyekimbia huulizwa.

Mimi sikuulizwa. Baba mdogo, anayesimama mahali pa marehemu baba, aliona kuningoja ni kuuchachusha mnazi. Kanywa. Nimemkuta macho mekundu, anapangusa midomo. Kiu ya mtu mmoja imenioza mara ya pili!

Jumamosi ijayo wanakuja kutuchukua, mimi na Riziki. Tutarudishwa Changamwe, nyumba ile ile.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani. Mama anasema wazee wameshakunywa, nikikataa nitamwaibisha baba yangu kaburini. Nikamuuliza, "Mama, nikifa kule, mtakunywa nini kwenye matanga yangu?"

Akaenda jikoni. Nilimsikia anapenga kamasi. Sikumfuata. Nina hasira naye, na nina hasira na nafsi yangu kwa kumliza.

Jumanne, 20 Mei

Kazungu amekuja hadi kwenye mabanda. Nilikuwa nasafisha kwato za Jemadari, nikainua kichwa, huyo hapo ameegemea ua, amevaa shati jeupe. Sijui amesimama tangu saa ngapi. Ameniletea maandazi yamefungwa kwenye gazeti.

Akaniuliza, "Mkono umepona, mama Riziki?"

Taratibu, kama daktari. Akaniambia Jumamosi nisibebe vitu vingi, nyumba ina kila kitu, mlango amebadilisha kufuli. Kisha akatabasamu.

Nilirudi nyuma. Hakunigusa, yuko upande wa pili wa ua, na mimi nilirudi nyuma mpaka nikamgusa Jemadari. Mwaka mzima wa farasi, halafu nikarudi nyuma. Najichukia.

Maandazi nimetupa.

Alhamisi, 22 Mei

Bi Rukia amenipa chumba kilicho nyuma ya ghala la nyasi. "Njoo na mwanao, binti yangu. Hapa hapana wa kukuuliza."

Nashukuru, wallahi, na mimi si Mwislamu. Lakini nikikimbia kabla ya Jumamosi, mnazi utabaki umenyweka. Watasema mke ni wake, mtoto ni wake, na kila nitakapojificha atakuwa na wazee nyuma yake. Lazima niulizwe. Lazima nijibu wakinisikia.

Alasiri nimeingia kwa Jemadari tena na tena. Kila mara amerudi nyuma. Siogopi farasi. Namwogopa mtu, na mtu hana masikio ya kulala.

Nimemwagiza mgema wa Kisauni kibuyu kimoja.

Jumamosi, 24 Mei

Riziki nilimwacha kwa Bi Rukia tangu asubuhi. Kibuyu nikakibeba mwenyewe. Mwanamke habebi kadzama, najua. Watu njiani walinitazama kama mwendawazimu.

Wazee wamekuja, wamekaa sebuleni kwa mama. Kazungu kaketi karibu na mlango. Ningetakiwa kungoja jikoni. Nikaingia, nikakiweka kibuyu mbele ya Mzee Kahindi, nikapiga goti. Nikamwambia mnazi wake nimeurudisha. Ule waliunywa bila kuniuliza. Sasa waniulize.

Baba mdogo akaanza kubwata. Mzee Kahindi akamnyamazisha kwa mkono. Akanigeukia.

"Kadzo. Mnazi huu tuunywe?"

"Msiunywe, baba."

Mara moja. Sikurudia.

Kazungu akainuka. Alikuwa bado anatabasamu. Nami nikainuka. Akaja mpaka nikasikia harufu ya sabuni aliyoogea. Nyayo zangu hazikutoka pale zilipo. Nikamtazama mdomoni. Tabasamu likakaza, likabaki meno matupu. Nikainua mkono.

"Rudi nyuma, Kazungu."

Hakunipiga. Alikipiga teke kibuyu. Kikapasuka ukutani, mnazi ukawarukia wazee, ukamrukia baba yake mkubwa kifuani.

Mnazi wa wazee haumwagwi. Mtu akiumwaga kwa mguu, ndugu zake wenyewe huona haya kumtaja. Mzee Kahindi akajipangusa. Akasema sasa ameona kwa macho yake alichokuwa anaambiwa, na kwamba hatakanyaga tena hapa kwa ajili ya Kazungu. Wakatoka mmoja mmoja. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi.

Kazungu alitoka wa mwisho. Pale kizingitini akageuka, akasema neno moja.

"Haya."

Kwa upole kabisa.

Jumanne, 27 Mei

Tumehamia chumba cha nyuma ya ghala. Nimepiga ripoti polisi. Askari aliandika, akaniuliza kama nina hakika. Nina hakika.

Mama amekuja na nguo za Riziki kwenye mfuko. Hakuomba radhi. Alimsuka mtoto, akanifulia, akaondoka. Baba mdogo hapokei simu yangu, na mimi sikumpigia kwa mapenzi.

Kazungu haonekani. Kazini Changamwe hayupo. Kanisani hakwenda. Mwalimu wa Riziki ameahidi hatamtoa mtoto kwa mtu mwingine ila mimi.

Jumamosi, 31 Mei

Bado haonekani. Simu yake imezimwa.

Jana nilisogeza kitanda changu nikakibana kwenye mlango, cha Riziki kikabaki upande wa ukuta. Anayetaka kupita ataanza na mimi. Nikajilaza nisikilize.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limeshajaa chumbani. Tangu niolewe sijawahi kulala jua likanikuta. Riziki amekaa kitandani kwake anakula mkate, kanyamaza ili nisiamke.

Farasi wamekula wamechelewa. Bi Rukia amenigombeza. Nikamwambia anisamehe, usingizi ulinichukua.